Nondo barazani, na mipapai isiyoshika

SWALI: Shikamoo Babu Shamba. Niko Muheza, safu yako nasomaga kila toleo. Shida yangu ni nondo, sio nondo za kujengea jamani, hawa wadudu wa usiku. Mume wangu aliweka taa kubwa nje kwa ajili ya vibaka, basi tangu hapo kila asubuhi nafagia nondo barazani kama makapi, na wengine manene kama kidole gumba wanaingia mpaka sebuleni wanajibamiza kwenye balbu watoto wanapiga kelele. Mama mkwe anasema unga wao ukiingia machoni unapofuka. Saa hizi napuliza dawa kila jioni. Hivi wana kazi gani hawa? Halafu kingine, mipapai yangu minne nyuma ya nyumba inatoa maua yanadondoka tu, papai hakuna.
– Mama Wawili, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeniuliza mawili kumbe huenda ni moja. Hao manene ndio wafanyakazi wa mipapai yako! Ua la papai linanukia zaidi jioni, na Kenya watafiti walikaa mashambani wakaona wanaobeba chavua yake hasa ni hao nondo wanene wanaoruka kwa kasi. Toka nje kama saa moja kasoro hivi usimame karibu na mpapai dume, ule wenye maua yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Utamwona anasimama hewani bila kutua, mabawa huyaoni kwa kasi, ananyoosha mrija wake aliokuwa ameukunja kama springi, ananyonya, kashaondoka. Ua jike lililobana kwenye shina halina asali yoyote, yeye analiendea kwa kukosea tu akidhani ni dume, na kukosea huko ndio wewe unapata papai.

Sasa niambie ukweli, dume umelikata? Maana wengi wanaliona halizai wanalifyeka, halafu majike yanabaki yanadondosha maua. Kama lipo, basi tazama hiyo taa na hiyo dawa. Dawa acha kabisa jioni, ndio saa yao ya kazi. Taa funga ya kuwaka mtu akipita, kibaka akija itamuwakia usoni, au angalau uielekeze chini na uweke balbu ya njano. Nondo haipendi taa kama tunavyodhani, utafiti uliotoka 2024 umeonyesha wadudu wengi wakiruka wanageuzia mgongo upande wenye mwanga, kwa sababu tangu zamani usiku upande wenye mwanga ni mbinguni. Sasa wewe umewawekea mbingu ukutani, wanazunguka mpaka wanachoka.

Unga ni magamba madogo madogo yaliyopangwa kwenye bawa kama vigae vya paa. Jicho linaweza kuwasha, nawa maji basi, kupofuka hapana (mama mkwe usimwambie nimesema mimi).

Sikufichi, nao wana hasara zao. Yule kiwavi mnene mwenye kipembe mkiani anayekula matembele ni mtoto wa mmoja wa hao hao wanene, na viwavijeshi wanaomaliza mahindi nao wakikua ni nondo. Ila aina za nondo duniani zinapita 140,000, vipepeo wa mchana hawafiki hata 20,000, na waharibifu ni wachache sana humo. Waliobaki wanalisha popo na ndege, tena kiwavi ndio chakula ndege wengi wanachowapelekea makinda.

SWALI: Babu, nondo wametoboa sweta langu la sufu. Niwashe taa niwatege? – Kijana, Temeke

JIBU: Hao wa nguo ni wadogo, na taa wanaikimbia. Tena mkubwa hali kitu, anayetafuna ni kiwavi wake. Fua sweta, lianike juani, kung'uta mishono, funga kwenye mfuko usiopitisha hewa. Shati la pamba safi hawaligusi kirahisi, likitoboka tafuta panya.