Klachi haifi, ndugu yangu

Msomaji wa Bagira, Bukavu, ameniandikia: «Mwalimu, marehemu papa (baba yangu) aliniachia moto, yaani pikipiki, Honda CG125 ya zamani. Fundi anasema ambrayaji imekufa. Muuza vipuri wa Kadutu anasema klachi imekufa. Kiswahili sahihi ni kipi? Na vifaa vyake huwekwa au hufungwa?»

Yote mawili ni ya kuazima, na yanataja kifaa kimoja, kile kinachounganisha na kutenganisha injini na gia. Ambrayaji ni la Kifaransa, mzizi wake ni braie, mti wa kuzuia kinu cha upepo. Klachi ni la Kiingereza, limetufikia kutoka mashariki. Kamusi zinalijua klachi, basi liandike hilo. Kwa fundi sema ambrayaji ili muelewane. Sina ugomvi na mgeni aliyekwisha kupewa kiti.

Ugomvi wangu ni na hilo imekufa, ambalo wala hukuliuliza. Katika mji wetu kila kitu hufa. Betri imekufa, simu imekufa, mtandao umekufa, barabara ndiyo usiseme. Abiria aliyeachwa njiani na mvua inamnyeshea akisema hivyo, namsamehe. Fundi je? Ukishatangaza kifo, hakuna tena wa kuuliza mgonjwa aliumwa wapi, na wewe unauziwa seti nzima, mpaka na vipande vilivyokuwa vizima.

Ichukue hiyo CG125, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Ipandishe kilima cha Kadutu na mtu nyuma. Injini inanguruma, mwendo hauongezeki. Klachi hiyo haijafa, inateleza: pleti za msuguano (sahani bapa zinazobanana na zile za chuma ili klachi ishike) zimelika, au springi zimechoka, au kebo imekazwa mno hata klachi haishiki sawasawa. Haya, kinyume chake. Umebana mkono wa klachi, umeingiza gia, na pikipiki inajiendea yenyewe kuelekea meza ya mama muuza ndizi. Hiyo nayo haijafa, inakataa kuachia. Toa pleti za chuma, uzilaze moja moja juu ya kioo: ukiona mwanga unapenya chini yake, imepinda. Kagua na lile bakuli linalozibeba pleti (Wafaransa wameliona kengele, Waingereza kikapu, kila mtu na macho yake), maana pleti hugonga kuta zake miaka na miaka hadi zikachimbika, na pleti ikinasa kwenye kishimo haitoki upesi. Lakini kabla ya kufungua chochote, pima mchezo wa ncha ya mkono wa klachi, yaani umbali unaokwenda bure kabla kebo haijaanza kuvuta. Honda hutaka milimita 10 hadi 20. Ukizidi hapo, kebo imelegea tu, kazi ya kuzungusha nati.

Kuteleza, kulika, kuchoka, kupinda, kuchimbika, kulegea. Lugha imekupa vitenzi vyote hivi, na kila kimoja kinakupeleka kwenye kifaa chake. Sisi tunavitupa vyote tunabaki na kimoja cha msibani. Bibi yangu hakuwahi kupanda pikipiki, lakini sikumsikia hata siku moja akisema jembe limekufa. Lilikuwa butu, au limetoka mpini.

Dukani pia usiende na maneno matupu. Beba pleti ya zamani mkononi. CG125 imenakiliwa mno na viwanda vya China, na pleti mbili zinazofanana machoni zaweza kupishana unene au upana wa masikio, yale meno ya ukingoni. Muuzaji akikwambia «ni ileile», zipandanishe mbele yake.

Sasa huko kuweka. Sahani huwekwa mezani. Pleti mpya za msuguano huloweshwa kwanza katika mafuta ya injini, kwa sababu klachi hii huishi ndani ya mafuta na ikianza kazi kavu itaungua. Kisha hupangwa: ya msuguano, ya chuma, ya msuguano, na kwa kawaida ya msuguano ndiyo inayoanza na ndiyo inayomaliza. Springi hutiwa. Boliti zake hukazwa kwa kupishana, kidogo hapa, kidogo ng'ambo, la sivyo bamba la kukandamiza litakaa upande. Kifuniko ndicho hufungwa, na gasketi yake. Fundi akikwambia «nimeweka klachi», muulize amefanya lipi kati ya hayo, na kama pleti alizilowesha.