Uliza Fundi: Mji wa kanga umefungiwa ndani

Swali: Kaka Fundi shikamoo. Mi nachora kwa kompyuta, niko Tanga, nafanya kadi za harusi, michoro ya vitabu vya watoto na siku hizi napata kazi za kanga. Programu yangu ni ya kulipia kila mwezi kwa dola. Juzi saa nne usiku mteja kanipigia anataka pindo liongezwe unene na kwenye jina la kanga libadilishwe neno moja, neno moja tu, nafungua programu inaniambia malipo yamekataa. Kwenye kadi hela niliweka, ila nadhani dola ilikuwa imepanda ikapungua kama elfu mbili hivi. Faili naliona lile pale kwenye laptop yangu mwenyewe na halifunguki! Rafiki yangu anasema nunua ya kulipa mara moja iwe yako, mume wangu anasema mambo ya kumiliki programu siku hizi hayapo. Nifanyeje? (Mchoraji, Tanga)

Jibu: Marahaba dada yangu, na pole sana, yaani elfu mbili ndo imekuzuia kufika kwenye mji wa kanga uliouchora kwa mkono wako.

Kampuni hukuitaja na hata isingesaidia maana wengi siku hizi wanafanya hivyohivyo. Aliyewafungulia njia ni Adobe, kampuni yenye Photoshop ya kuhariri picha, Mei 2013, alipotangaza kwamba CS6, furushi lake la programu la mwaka 2012, ndo la mwisho kuuzwa kwa mtindo wa zamani na matoleo mapya yote utayapata kwa kulipia Creative Cloud tu, yaani huduma yake ya kulipia kila mwezi au mwaka. Kabla ya hapo ulikuwa unanunua unakaa nayo hata miaka mitano, toleo jipya likitoka unalitazama unasema hapana asante, na hapo ndo kampuni ilikuwa haipati kitu. Tuwe wakweli lakini, ile ya zamani ilikuwa mamia ya dola kwa mpigo, nani kwetu alikuwa nazo? Photoshop peke yake kwa dola 23 hivi kwa mwezi angalau mtu anaanza kazi. Piga hesabu ya mwaka sasa, dola 276, na mwaka wa pili unaanza upya kwenye sifuri.

Kingine soma vizuri ulichokubali, maana kuna mpango unaitwa wa mwezi kumbe ni mkataba wa mwaka umekatwakatwa vipande 12. Ukitaka kutoka katikati unadaiwa faini. Serikali ya Marekani kupitia tume yake ya biashara, FTC, ilifungua kesi dhidi ya Adobe Juni 2024 kwa hilohilo, ikidai faini ya kujitoa mapema ilikuwa imefichwa wateja wasiione. Mpango wa mwezi kwa mwezi wa kweli upo, ni ghali zaidi ila unatoka ukitaka.

Na kwa mtu wa kanga kama wewe kisa hiki ndo kinanikaa: mwisho wa 2022 watu walifungua mafaili yao ya zamani ya Photoshop yenye rangi za Pantone (kampuni inayozipa rangi namba ili kila mchapaji apate rangi ileile) wakakuta sehemu zile zimekuwa nyeusi tii, kisa Adobe na Pantone hawakuelewana kuhusu leseni, ukitaka rangi zako zirudi ulipie Pantone pembeni. Mchoraji hajagusa kitu! Hebu fikiria jekundu la pindo lako.

Sasa usikimbilie kununua ukadhani umepona, mumeo ana nusu ya haki. CS2, toleo la zamani la furushi lilelile la Adobe, ilinunuliwa kihalali kabisa, ila kuiwasha lazima iongee na seva ya kampuni, seva ikazimwa, mwanzo wa 2013 Adobe ikabidi watoe namba nyingine ili walionunua waendelee kuiwasha. Mac nazo 2019 zilipokuja na Catalina, mfumo mpya wa kuiendesha kompyuta, programu zote za biti 32, yaani zile za muundo wa zamani, zikagoma, uwe umelipia usiwe umelipia. Hata Affinity, programu ya michoro tuliyokuwa tunaisifia kwamba unalipa mara moja basi, kampuni ya Canva wakainunua 2024 na Oktoba 2025 wakaifanya bure kwa kila mwenye akaunti ya Canva. Bure tamu, ila mwenye uamuzi si wewe.

Mi naona linda faili kwanza, programu baadaye. Kazi ikiisha usiiache kwenye faili la programu yenyewe tu. Toa PSD (faili la Photoshop ambalo programu nyingine nyingi zinalifungua) yenye leya zote, yaani tabaka za mchoro, jina la kanga likae kwenye leya yake peke yake, halafu toa PDF au TIFF (faili la picha) ya CMYK, yaani rangi nne za kuchapia, kwa saizi kamili ya kuchapa, na fonti ulizotumia ziweke kwenye folda hiyohiyo (watu wanasahau fonti kila siku!). Ungekuwa na PSD usiku ule ungefungua Photopea kwenye brauza, haidai senti, ungebadilisha neno lile ukalala.

Ya kuchorea anza na Krita, ni bure, brashi zake nzuri na CMYK inaelewa. Ukiwa na iPad kuna Procreate ya kule Tasmania, kama dola 13 unalipa mara moja, utakapolia ni kwenye bei ya iPad na kalamu yake. Ile ya kulipia ichukue mwezi ambao mteja kaitaka kwa jina, na gharama iingie kwenye bei yake, usione haya. Kabla ya yote uliza kiwanda wanapokea faili gani, unaweza kukuta hawataki zaidi ya TIFF na wewe umeteseka mwaka mzima.

Swali: Fundi mbona mnasumbuka, huku Morogoro fundi laptop anakuwekea programu ya kreki, iliyovunjwa kufuli la malipo, kwa elfu kumi na kila kitu kinafunguka. (Mwanafunzi)

Jibu: Kitu cha kwanza anachofanya huyo fundi wako ni kuzima antivirasi, hujawahi kumuuliza kwa nini? Hapo umemwachia mtu usiyemjua mlango wazi kwenye laptop yenye kazi zako na paswedi zako, apdeti huwezi kuweka, na siku ikigoma katikati ya kazi huna wa kumlalamikia. Krita nishaitaja hapo juu. Hiyo elfu kumi ongezea kidogo ununue flashi, uweke yale mafaili niliyomwambia dada wa Tanga.