Mtoto hapati usingizi kwa sababu umemwimbia wimbo wa mchana

Mama vijana hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, huniuliza: namwimbia mtoto kila jioni, mbona halali? Mimi huwaomba waniimbie huo wimbo wanaomwimbia. Mara nyingi ni wimbo wa kupiga makofi. Ni mzuri, mtoto anaupenda, ndiyo maana anafumbua macho na kurusha miguu akingoja uendelee.

Nyimbo za watoto wadogo zina kazi zake. Ziko za kumchezesha mtoto, ziko za kumbembeleza, na wazee waliotulea walijua saa ya kila moja. Nimelea watoto wangu na kusaidia kulea wa ndugu zangu katika nyumba moja ya Bagira, na nimeona kwamba ukishatenganisha hizo mbili, jioni inakuwa nyepesi kwa kila mtu.

Nianze na za usiku. Mwendo wa wimbo ndio unaomlaza mtoto; maneno yanakuja nyuma. Mfunge mgongoni kwa kikwembe, tembea ndani ya nyumba, na uimbe kwa kufuata hatua zako, huku kiganja kikimpigapiga taratibu matakoni. Akinyamaza, punguza hatua, na wimbo upungue nazo. Kisha acha maneno kidogo kidogo: ubeti mzima, halafu mstari mmoja, halafu jina lake tu, mwisho uimbe mdomo ukiwa umefungwa. Wengi hukata wimbo ghafla mara tu mtoto anapofumba macho. Kimya hicho cha ghafla kinamwamsha.

Jambo la kumlaza mapema mno limechunguzwa. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani walitoa matokeo yao juu ya watoto wachanga wanaolia: kumbeba mtoto ukitembea kwa dakika 5 kunamtuliza, na wengine husinzia, lakini ni vizuri kukaa naye mikononi dakika 5 hadi 8 zaidi kabla ya kumweka kitandani, maana akiwekwa upesi huamka. Mama mkwe wangu hakuhitaji saa kwa hilo. Wimbo wake wa kwanza aliuimba akitembea, akaurudia wote akiwa amekaa kwenye kigoda karibu na mbabula (jiko la makaa), ndipo akainuka kumlaza.

Na uimbe kwa lugha gani? Nyumba zetu zimechanganyika: baba Mshi, mama Mrega, watoto wanaongea Kiswahili, shuleni wanakutana na Kifaransa. Nawaambia kila mtu aimbe kwa lugha aliyobebwa nayo mgongoni. Mtoto mchanga hatasumbuka. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha uchunguzi ambamo watoto wachanga walisikilizishwa nyimbo za kubembeleza za lugha wasizozijua, na mapigo ya mioyo yao yalipungua zaidi kuliko waliposikia nyimbo za namna nyingine. Basi koko, yaani bibi, mwenye Kilega aimbe Kilega, na mwenye Kihavu asione haya mbele ya mkwe wake wa mjini.

Hapo ndipo naumia, kwa sababu nyimbo hizo zinaondoka na wenye kuzijua. Nilimwomba mama mkwe, aliyekulia upande wa Walungu, aniimbie za kwao kwa Mashi ili nizirekodi kwa simu. Alikaa vizuri kwenye kiti, akafikiri, akasema amezisahau. Siku nyingine nilimkabidhi mtoto aliyekuwa na homa ya chanjo, nikaenda kukaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Wimbo ulitoka mzima, na mwingine ukaufuata ambao hata mume wangu hakuwahi kuusikia. Basi ukitaka nyimbo za koko, mpe mtoto amshike, mpe unga wa kuchekecha au sombe (majani ya muhogo) ya kutwanga, na simu iwe pembeni tayari inarekodi. Maana ya maneno uulize baadaye, mtoto akiwa amelala. Andika pia alifundishwa na nani na katika kijiji gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Mmarekani Alan Merriam alikuja hadi kwa Bashi, wenye lugha hiyo ya Mashi, kuchunguza muziki wao. Sisi tunaishi na wenye nyimbo chini ya paa moja, simu zimo mifukoni, na hatuwaulizi.

Si kila wimbo wa zamani nitakaouimba, lakini. Ziko za kutisha: lala, la sivyo fisi atakuja, au mtu wa gunia atakuchukua. Mimi nimeziacha kabisa. Waasi wa M23 walipoingia mjini Februari 2025, watoto wetu walilala kwenye korido, mbali na madirisha, na hofu waliyonayo inatosha. Wimbo ukiwa na kitisho, ondoa mstari huo uweke wako. Wetu tuliutunga hivi:

Lala mwana, lala, taa zimetoka ziwani,
wavuvi wavute nyavu, sisi tuvute usingizi.

Mchana ni mambo mengine. Hapo piga makofi, mrushe, mwogeshe ukiimba. Mchezo ninaoupenda ni ule wa vidole: unakishika kidole kimoja kimoja, kidogo kinasema twende, cha pili kinauliza wapi, kinachofuata kinasema tukaibe, mpaka unafika kwa gumba, ambalo linakataa wizi na ndiyo sababu limesimama peke yake. Mtoto anajifunza kungoja zamu na anajifunza sauti ya kila anayesema. Akikaribia miaka miwili, mwachie neno la mwisho. Imba mstari, nyamaza kabla ya mwisho, mtazame mdomoni. Wiki za kwanza atatikisa kichwa tu, baadaye atatoa silabi, halafu neno. Usimsaidie haraka. Kwa wasichana wakubwa kidogo kuna nzango, mchezo wa kuruka na kupiga makofi, ambayo nyimbo zake zinafundisha miguu kusikiliza, lakini hiyo ina uwanja wake na jasho lake.

Simu sitaizungumza sana. Wimbo wa kwenye simu haupungui mwendo mtoto anapoanza kusinzia, na mwanga wake unamwita aangalie.

Na baba aimbe pia. Sauti nzito mtoto anaizoea upesi akiisikia kila siku, na inasaidia sana jioni ambayo mama amechelewa kurudi toka soko la Kadutu na mvua imeharibu barabara. Wanaume wengi husema hawana wimbo wa watoto. Jirani yetu mmoja mvuvi alisema hivyo hivyo, wakati wavuvi wa Ziwa Kivu wanapiga kasia wakiimba usiku kucha. Sasa anamlaza binti yake kwa wimbo huo wa kasia, ila ameupunguza mwendo karibu nusu na ameondoa mwitikio wa wenzake. Baba akikataa, mwulize anaimba nini akiwa kazini au kanisani, kisha mwambie auvute polepole na mtoto awe kifuani pake.