Farasi wangu amezeeka, nimpande bado?

SWALI: Assalaam aleikum. Nina farasi jike wa miaka 23. Niko naye tangu ana miaka 4, na riziki yangu nimeipata mgongoni mwake, tukipandisha wageni ufuoni Bamburi. Akisikia pikipiki yangu langoni hulia. Tangu kaskazi ishike amekonda, mbavu zahesabika, na majani huyatafuna kisha akayatema. Watu waniambia nimuuze, nami siwezi. Nimlishe nini? Na nitampanda tena? – Msomaji, Bamburi

JIBU: Waaleikum salaam. Usimuuze. Mnunuzi asiyezijua tabia zake atamwona mvivu na kumchapa, na wewe ndiye utakayegundua mapema kwamba leo amesimama vingine.

Anza na mdomo. Majani yanayotemwa yakiwa yamebingirika, yametafunwa nusu, ni dalili ya meno. Meno ya farasi huendelea kuchomoza huku yakisagika. Yakisagika upande, kingo huwa kali na kukata mashavu na ulimi, na uzeeni mengine hulegea. Kinyesi chenye nyuzi ndefu za majani kinasema hivyo hivyo. Mwite daktari wa mifugo mwenye tupa za meno ya farasi na chuma cha kuuachamisha mdomo, na arudi kila miezi 6. Usitie mkono wako mwenyewe, magego yale huponda vidole.

Kisha mpime. Futi ya fundi cherehani huishia sentimita 150, kwa hiyo zungusha kamba kifuani, nyuma ya viwiko, halafu uipime hiyo kamba. Pima pia urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Kifua kizidishe kwa chenyewe, kisha kwa urefu, ugawanye kwa 11,880. Kifua 165 na urefu 150 hutoa kilo 344 hivi. Chakula kikavu kiwe asilimia 2 ya uzito huo, karibu kilo 7 kwa siku, kwa milo minne au mitano midogo. Asiyeweza kutafuna, loweka vidonge vya chakula cha farasi mpaka viwe kama uji mzito. Chakula kipya kiingize polepole kwa siku 7 hadi 10, la sivyo tumbo litamsokota.

Hapa ndipo wengi wa pwani wanapokosea: nepia na majani mengine ya kukata kando ya barabara, pamoja na pumba. Nepia ina oksaleti inayofunga kalsiamu tumboni, na pumba zina fosforasi nyingi inayozidisha upungufu huo. Mwili huikopa kalsiamu mifupani. Farasi huchechemea leo mguu huu, kesho ule, uso huvimba juu ya taya, meno hulegea. Mpe nyasi kavu za Rhodes, na majani ya lusani (alfalfa) kidogo kwa ajili ya kalsiamu. Mahindi yaliyoota ukungu yatupe, hata ukiyaanika tena. Sumu ya kuvu ile huharibu ubongo wa farasi na haitoki kwa jua, na hewa yetu ya unyevu huozesha gunia haraka.

Kumpanda? Si mpaka mbavu zijifunike. Mtembeze kwa mkono dakika 20 hadi 30 kila siku, kwani kumfungia bandani kutwa hukaza viungo. Akipata mwili, mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 15 ya uzito wake. Kwa kilo 344 ni kilo 51. Hapo wageni wazima karibu wote wametoka hesabuni, na riziki itabidi ibebwe na farasi mwingine. Mtoto mwepesi, kwa mwendo wa kutembea, sawa. Tandiko lile la zamani likague upya, maana misuli ya mgongo ikipungua humfinya. Subiri maji yakupwe umpitishe kwenye mchanga mgumu uliolowa. Mchanga mkavu huvuta kano za miguu.

SWALI: Farasi wangu hatoki jasho tena, na baada ya kazi huhema sana. Ni ugonjwa? – Msomaji, Shanzu

JIBU: Ndiyo, na joto lenye unyevu ndilo huuleta. Farasi aliyepumzika huvuta pumzi mara 8 hadi 16 kwa dakika, na joto lake ni 37.5 hadi 38.5. Nusu saa baada ya kazi akiwa bado ahema na ngozi kavu, msimamishe kazi. Joto likifika 40, mpeleke kivulini penye upepo, ummwagie maji mwili mzima bila kukoma, na umwite daktari. Maji baridi hayamdhuru. Kila siku apate chumvi gramu 30 na maji ya kunywa bila kipimo. Kazi iwe alfajiri tu. Wengine hawaponi mpaka wahamishiwe bara kwenye baridi.

SWALI: Nimepata kazi Qatar, miaka miwili. Farasi wangu, niliyemlea tangu mtoto, atanisahau? – Msomaji, Nyali

JIBU: Farasi hutambua sauti na uso wa mtu, na hukumbuka alivyotendewa hata baada ya miezi mingi. Lililo la hatari zaidi ni pengo la ghafla. Saisi, yaani mtunza farasi, atakayemshika akae nawe wiki mbili kabla ya safari: wiki ya kwanza atazame, ya pili afanye wewe ukiwa pembeni. Atumie maneno yako yale yale ya kusimamisha na kugeuza, na saa zile zile za kulisha. Mwandikie karatasini kipimo cha chakula, tarehe za kukata kwato kila wiki 6 hadi 8, na mahali asipopenda kuguswa. Asibaki peke yake. Awe na farasi mwenziwe, au hata punda.

Ukirudi, mwite kabla hujamgusa, kisha msogelee kwa upande wa bega, kwa kuwa mbele ya pua na nyuma ya mkia haoni. Mpe siku kadhaa za kutembezwa kwa mkono, na tandiko ulijaribu upya kabla ya kupanda, maana mgongo uliouacha sio utakaoukuta.