Maiki isiyo na waya: anza kukagua mkono

Sauti ikianza kukatakata, lawama humwangukia fundi mitambo au risiva yake, kile kifaa kinachopokea mawimbi ya maiki. Mimi nimekaa nyuma ya mixa muda mrefu, na siku hizi kabla sijagusa kitufe chochote natazama kwanza vidole vya aliyeshika maiki.

Maiki ya aina hii ina kinasa sauti juu na kirusha mawimbi chini. Kwa nyingi, antena imefichwa kwenye kitako, ndani ya plastiki. Ukikifumbata kitako hicho, umeziba njia ya mawimbi, kwa sababu mwili wa binadamu una maji mengi na maji hunyonya mawimbi ya redio. Ukiwa jirani na risiva huenda usigundue lolote. Jaribu kusogea mbali huku umeipa risiva kisogo, na hapo utasikia maneno yakimezwa. Shika katikati ya mpini, basi.

Kosa la pili ni kuufumbata ule wavu wa juu, na hili linaniudhi zaidi. Maiki nyingi za jukwaani zimeundwa zisikie mbele na kupunguza sauti za nyuma. Zinaweza kufanya hivyo kwa sababu hewa huingia pia kwenye vitundu vilivyo nyuma ya kinasa. Ukiviziba kwa kiganja, maiki huanza kusikia kila upande, spika zikiwemo, na mluzi unafuata. Cha ajabu ni kwamba mtu akisikia mluzi ndiyo kwanza anaukamata wavu kwa nguvu, akidhani anaunyamazisha! Ondoa mkono, geuza maiki isielekee spika, iweke karibu na mdomo. Kwa kawaida mluzi unakwisha hapo hapo.

Betri nazo zina hila yake. Ya alkalini huanza na volti 1.5 hivi, ya kuchajiwa aina ya NiMH ni volti 1.2, na hubaki karibu na hapo mpaka inapokaribia kuisha, kisha inaporomoka ghafla. Kipimo kilichopangiwa alkalini kitakudanganya. Kama menyu ya maiki yako inakuruhusu kuchagua aina ya betri, chagua. Usichanganye mpya na iliyokwisha kutumika, na maiki ikienda kuhifadhiwa, zitoe. Zikivuja zinakula vyuma vya ndani.

Ukiwa jukwaani tumia swichi ya kunyamazisha sauti, usizime maiki kabisa. Ukiizima, risiva inabaki bila mawimbi yako na inaweza kudaka makelele au kirushaji cha mtu mwingine kilicho kwenye masafa yaleyale ya redio. Kwa sababu hiyohiyo, maiki mbili hazitumii masafa mamoja kwenye ukumbi mmoja. Unapotafuta masafa yaliyo wazi, zima maiki zako zote, acha risiva ichunguze, ndipo uwashe moja moja.

Geini, yaani kiasi cha kukuza sauti, sitaizungumzia sana: mwambie msemaji aongee kwa nguvu atakazotumia kweli, si ile "moja, mbili" ya aibu, na taa inayoonya kuwa sauti imezidi ikiwaka, punguza geini kwenye maiki kwanza.

Risiva iweke juu, antena zake zikione jukwaa, si nyuma ya kabati la chuma. Kisha, watu hawajaingia, zunguka ukumbi mzima ukiongea kwenye maiki, mwenzako akitazama taa za mawimbi. Zikizimika mahali fulani, hamisha risiva na uzunguke tena.