Jibu: Namba za mahitaji zimesogea, majaribio hayalingani tena

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: mko wanne kwenye mradi wa pampu ya umwagiliaji, mahitaji yote (mambo ambayo pampu lazima iyatimize) mmeyaweka Excel kwa namba, mwenzenu kaingiza mstari katikati, namba zikasogea, na sasa majaribio, yanayotaja mahitaji kwa namba, yanaonyesha mahitaji yasiyo yake.

Kagua kwanza kama namba zinatokana na fomula. Kwetu ndivyo ilivyokuwa, tukapoteza wiki nzima. Rudisha nakala ya kabla ya ule mstari, geuza namba ziwe maandishi ya kawaida, kwa mfano PMP-014, kisha zisiguswe tena. Hitaji jipya lipewe namba inayofuata ya mwisho hata kama linakaa katikati ya waraka. Lililofutwa lizikwe na namba yake.

Na hitaji lenu la "pampu ijizime tangi likijaa na itume ujumbe" ligaweni mawili. Ujumbe usipofika, mtasema jaribio limefaulu au limefeli?

Kuhusu programu, kwa watu wanne sioni haja ya DOORS ya IBM, programu kubwa ya kusimamia mahitaji. Kama mnatumia Git (programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili), jaribuni Doorstop, nayo ni ya kusimamia mahitaji. Ni ya bure, kila hitaji lina faili lake, na ukibadilisha hitaji mama (la juu, ambalo mengine yametokana nalo), inakuonya kuwa viungo vya mahitaji ya chini yake vikaguliwe upya. Onyo hilo ndilo lililotuokoa siku ya kuwasilisha. Capella nayo ni ya bure, ila kazi yake ni kuchora usanifu wa mfumo, haitatibu tatizo la namba.

Ukikwama kwenye kuhamisha, weka hapa mistari mitano ya jedwali lenu tuitazame.