Kabla hujanunua bunduki ya kuwindia, piga kwanza simu ya kastama kea ya kampuni inayoitengeneza

Ndugu zangu wengi huku Texas wakishatulia na makaratasi yao na kuanza kupenda kuwinda wananiuliza wanunue bunduki gani, ile ya dola mia tano au ile ya elfu na kitu, kitako cha mbao au cha plastiki, na mimi siku hizi jibu langu la kwanza halihusu bunduki yenyewe. Nawaambia ingia kwenye tovuti ya kampuni, tafuta namba ya huduma kwa wateja, piga. Sikiliza anapokea nani na baada ya muda gani. Uliza kitu kidogo tu, kwamfano waranti yenu inamfuata mtu wa pili nikiuza au inaishia kwangu, au skrubu ya kitako ikipotea naipataje. Ukiona hata swali hilo linakuzungusha siku mbili tatu, fikiria itakuwaje siku una bunduki ambayo haifungi vizuri na msimu wa kulungu unafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba.

Nalisema hili kwa uzito mana kuna jambo wengi hawalijui. Huku Marekani kibaniko cha mkate kikiwa na kasoro au kitanda cha mtoto kikiwa hatari, kuna tume ya serikali ya usalama wa bidhaa inayoweza kuilazimisha kampuni ivirudishe. Bunduki haimo humo. Sheria ya mwaka 1972 iliyoanzisha tume hiyo iliziacha silaha za moto nje kabisa, kwahiyo hakuna ofisi ya serikali kuu yenye mamlaka ya kuiambia kampuni bunduki zenu ni mbovu ziiteni zirudi kiwandani. Kampuni ikiziita ni kwa uamuzi wake yenyewe, au imebanwa na kesi mahakamani. Sasa ukilielewa hilo utaona kwanini yule mtu anayepokea simu ana uzito mkubwa hivi, kwa sababu kati yako wewe na kiwanda hamna mtu mwingine.

Mfano mkubwa uko wazi na umeandikwa sana, ni wa Remington 700, bunduki iliyotoka 1962 na ikapendwa na wawindaji kuliko karibu zote. Kwa miaka mingi watu walilalamika kwamba inafyatuka yenyewe bila kidole kugusa triga, yani kifyatulio, kampuni ikawa inakataa kwamba kuna kasoro. Mwaka 2014 ikaita zirudi zile zenye triga mpya ya X-Mark Pro zilizotengenezwa kati ya Mei 2006 na Aprili 2014, sababu ni gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha triga. Alafu kukawa na makubaliano ya mahakama kuhusu triga za zamani, yanagusa bunduki kama milioni saba na nusu, wenye nazo wakaruhusiwa kubadilishiwa triga bure, kampuni ikiendelea kusema haikubali kosa. Dirisha la kuomba lilishafungwa. Na 2020 kampuni yenyewe ikafilisika mara ya pili, mali zikauzwa vipande vipande, chapa yake nyingine ya bunduki, Marlin, ikachukuliwa na kampuni ya bunduki ya Ruger, jina la Remington likaenda kwa wenye wengine. Kwahiyo mtu anayekuuzia bunduki ya zamani muulize ilitengenezwa mwaka gani, alafu piga simu uliza nani leo anaihudumia hiyo ya mwaka huo, usidhani kwa vile jina ni lile lile basi na dhamana ni ile ile.

Sasa yaliyonikuta mimi. Nilinunua mpya ya risasi za saizi ya .308 dukani, ya kampuni ambayo sitaitaja, kwa ajili ya kulungu na zaidi nguruwe pori ambao huku wanaharibu mashamba na unaruhusiwa kuwapiga mwaka mzima. Inalenga vizuri tu. Shida yake ilikuwa ukishafyatua bolti, yani kile chuma chenye mpini kinachofunga risasi ndani, haifunguki, unaivuta inagoma, mpaka uipige na kiganja kutoka chini, na ikifunguka ganda linabaki ndani ya chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Nikaangalia maganda machache niliyofanikiwa kuyatoa nikaona ukingo wa kitako cha ganda umetafunwa pale kile kidole cha bolti kinapolivuta, shaba imechanika kabisa, na ubavuni kuna mikwaruzo ya kuzunguka, inaanzia karibu na shingo inashuka mpaka katikati, unaweza kuisikia kwa ukucha. Hiyo mikwaruzo ndo iliyoniambia tatizo liko kwenye chemba. Fundi bunduki mmoja mzee, mwenye leseni yake, akaingiza kile kikamera chembamba kwenye mtutu akanionyesha kwenye skrini, chemba ina alama za mashine kama mistari ya sahani ya santuri, haikusuguliwa ikaisha. Risasi ikilipuka ganda linatanuka linaingia kwenye ile mistari linashika. Akaniambia usinipe mimi hela yako, hii ni kazi ya kiwanda.

Kwahiyo kabla hujapiga simu jiandae. Mimi nilijaribu risasi za viwanda vitatu tofauti ili wasije wakasema ni risasi. Usijaribu na risasi ulizojaza mwenyewe nyumbani, ukitamka hizo tu kwenye simu kampuni nyingi mazungumzo yanaishia hapo mana waranti zao haziruhusu. Piga picha maganda kwa karibu, mwanga uingie pembeni ili mikwaruzo ionekane. Rekodi video ya bolti ikigoma, bunduki ikielekea shabaha muda wote, na mtu mwingine ndo ashike simu sio wewe. Andika namba ya siriali, tarehe uliyonunua, jina la duka, risiti ipige picha mana ile ya karatasi ya kuchapwa inafutika.

Imeili yangu ya kwanza ilijibiwa na mashine tu. Nikapiga. Nikasubirishwa mziki unapiga, akapokea kijana mpole lakini alikuwa anasoma kwenye karatasi, badilisha aina ya risasi, safisha chemba, jaribu tena. Nikamwambia kaka nimeshafanya yote hayo na ushahidi ninao, naomba unipe mtu wa ufundi. Hapo usipandishe sauti. Nasema kwa moyo wote usipandishe sauti, yule kijana hakutengeneza bunduki yako na yeye ndo mwenye kitufe cha kukuhamishia kwa fundi, ukimtukana ataandika kwenye faili lako mteja mkali na kila atakayelifungua baada ya hapo ataanza na hilo. Muulize jina lake, muulize namba ya kesi, mwambie unaandika. Mtu akijua unaandika anakuwa makini.

Mtu wa ufundi alikuwa mzee, akasikiliza dakika mbili akasema itume. Wakanitumia lebo ya kusafirishia waliyolipia wao. Hapa watu wengi wanaogopa bila sababu wanadhani lazima upitie duka la silaha ulipe na ada. Sheria ya serikali kuu inakuruhusu wewe mwenyewe kuituma bunduki yako kwa kampuni yenye leseni kwa matengenezo, na wao wanaweza kukurudishia moja kwa moja mlangoni kwako, hata wakikupa nyingine ya aina ile ile badala ya ile mbovu. Majimbo mengine yana sheria zao za kuongezea kwahiyo uliza jimboni kwako, na kampuni za usafirishaji nazo zina masharti yao, ndo mana lebo ya kiwanda ni nzuri kuliko kwenda kaunta mwenyewe. Hakikisha haina risasi, angalia chemba kwa macho na kwa kidole, toa magazini. Usiweke risasi hata moja kwenye boksi. Toa darubini na vishikizo vyake na mkanda, vitapotea au vitarudi vimelegea. Boksi liwe la kawaida lisiloandikwa chochote nje, na sheria yenyewe inamkataza msafirishaji kukulazimisha uandike kwamba ndani kuna bunduki. Piga picha kila upande wa kitako na mtutu kabla ya kufunga, mana ikirudi na mkwaruzo utaonyesha nini.

Ikarudi baada ya wiki kadhaa na karatasi ina mstari mmoja, imekaguliwa, iko ndani ya viwango. Nikaenda uwanja wa shabaha, risasi ya pili tu bolti ikagoma vilevile. Nilikasirika kwelikweli siwezi kuficha, hela yangu, muda wangu, na msimu unakaribia. Lakini safari ya pili ndo nikaelewa jinsi kiwandani kunavyokwenda. Anayepokea simu na anayefungua boksi ni watu wawili ambao hawaonani, ulichomwelezea yule wa simu kinafika kwa fundi kikiwa maneno matatu kwenye skrini, haifunguki vizuri, basi. Fundi anapiga risasi zake mbili tatu kwenye bunduki baridi, inafunguka, anaandika iko sawa. Ya kwangu ilikuwa inaanza kugoma ikipata joto.

Kwahiyo safari ya pili nikaandika barua ya ukurasa mmoja, nikaiweka ndani ya boksi juu kabisa, na nakala nikaifunga kwa utepe kwenye kitako. Nikaandika tatizo linaanza baada ya risasi ngapi, risasi za kampuni gani na uzito gani, nikaweka maganda yaliyotafunwa kwenye mfuko wa plastiki, nikazungushia kalamu nyekundu pale kwenye mikwaruzo, na picha ya ile kamera ya fundi. Nikaandika naomba mpige risasi nyingi mfululizo kabla ya kuamua. Barua haikuwa na neno la hasira hata moja. Yule mzee wa ufundi akanipigia simu mwenyewe, nikashangaa, akasema nimeona maganda yako, tunakuwekea mtutu mpya. Ilirudi na karatasi ya shabaha waliyoipiga wao ikiwa na matundu yake matatu na sahihi ya aliyepiga. Inafunguka kwa vidole viwili sasa, hata ikiwa ya moto.

Kuhusu zile ahadi za ulengaji, kampuni nyingi zinakuahidi risasi tatu ziingie ndani ya inchi moja kwenye yadi 100, yani kama sentimita mbili na nusu kwa mita 91. Soma maandishi madogo, mara nyingi wanataka risasi za dukani za ubora fulani. Na kabla hujawalalamikia kaza skrubu za kitako kwa kile kipimo cha kukazia, kaza za darubini, safisha mtutu utoe shaba iliyoganda ndani, mana malalamiko mengi ya ulengaji yanaishia hapo na fundi wa kiwandani ataanza na hayo hayo.

Msitishwe sana na karatasi ya waranti pia. Ruger kwa miaka mingi imekuwa ikieleza kwenye kijitabu chake kwanini haikuwekei kadi ya waranti, ni kwa ajili ya masharti ya sheria ya waranti ya 1975, lakini wawindaji wengi huku watakwambia ni watu wanaotengeneza bila kukusumbua. Na kuna wenye waranti ya maisha iliyopambwa kwa dhahabu ambao simu hawapokei. Ndo mana narudia upige kabla.

Kwa walio kwenye viza ya masomo au ya kazi, tafadhali sana msinunue wala kushika kabla ya kuuliza mwanasheria wa uhamiaji, kwa kawaida sheria inawakataza kumiliki na kuna misamaha michache tu, mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda ya jimbo. Wenye kadi ya kijani wao wanaruhusiwa. Na mwenye viza asikubali kumpelekea mtu mwingine bunduki yake kiwandani akidhani ni boksi tu.

Na kama umetuma mara mbili bado wanakwambia iko sawa, andika barua ya posta ya kusainiwa ipelekwe ofisi kuu, sio idara ya wateja, eleza tarehe zote na unachotaka, utengenezewe, ubadilishiwe au urudishiwe hela, chagua kimoja. Hapa Texas sheria ya udanganyifu wa kibiashara inataka umpe mwenzako notisi ya siku 60 kabla hujamshtaki, na mahakama ndogo inasikiliza madai mpaka dola 20,000 bila ulazima wa wakili. Ile sheria ya 2005 inayozilinda kampuni za silaha watu wanaitaja vibaya, inawakinga na kesi za uhalifu uliofanywa na wengine, bunduki iliyotoka kiwandani ikiwa na kasoro bado una haki ya kuwadai. Mimi nilikuwa nimeshaiandika hiyo barua tayari na tarehe zote zimo, yule mzee akapiga simu kabla sijaipeleka posta.